Siku Kumi za Kubadilishana Mbwa

Fundi wa makochi alikuwa na kaka mmoja tu, na kwa miaka sita walikuwa wakigombana juu ya jambo lile lile: mbwa.

Kaka yake alikuwa mpima ardhi, mrefu, mkavu, mgongo umenyooka kama mtu aliyezaliwa na ubao ndani ya shati, ndiyo maana tangu shuleni watu walimwita Rula. Hata mama yake mzazi alimwita hivyo. Naye alimlipa dada yake kwa kumwita Sponji, kwa ajili ya masponji ya makochi yaliyojaa karakana yake na pia, kama alivyopenda kueleza mbele za watu, kwa ajili ya mashavu.

Rula alifuga shepadi, wale mbwa wakubwa wa Kijerumani wenye masikio yaliyosimama, ambao wengi wetu tumewaona wakiwa kazini na polisi. Jina lake Jenerali. Sponji alifuga dakshundi, wale wenye mwili mrefu na miguu mifupi mpaka tumbo linafagia njia. Wa kwake alikuwa wa rangi ya kahawia na aliitwa Kifungo, kwa sababu siku aliyoletwa, akiwa bado mdogo wa kutosha kiganjani, alimeza kifungo cha kochi, na familia nzima ikakaa siku mbili ikimsubiri akirudishe.

Kila Jumapili mchana Rula alikuja kula kwa dada yake, aliyekuwa akiishi na mama yao juu ya karakana. Na kila Jumapili, kabla sahani hazijaondolewa, vita vilianza.

"Huyu si mbwa," Rula alisema, akimwangalia Kifungo chini ya meza. "Ni soseji iliyoota miguu."

"Na wewe hujafuga mbwa, umeajiri askari," Sponji alimjibu. "Hachezi, habembelezi mtu, anakaa tu mlangoni kama anayesubiri mshahara. Mmefanana."

"Shepadi ukimwambia kitu mara moja, ameelewa."

"Kifungo naye anaelewa mara ya kwanza. Ila ana maoni yake."

"Miaka sita!" Mama alisema Jumapili hiyo, akaweka kijiko chini. "Miaka sita nasikiliza hotuba hii hii, masikio yangu yameota sugu. Hivi kuna mmoja wenu aliyewahi kuishi na mbwa wa mwenzake hata siku moja?"

Rula na Sponji wakatazama sahani zao.

"Basi badilishaneni. Rula, si kesho unakwenda kupima lile shamba, siku kumi? Mchukue Kifungo. Jenerali abaki hapa. Ukirudi, kila mtu aseme kwa kinywa chake kama angebadilisha au la, na baada ya hapo sitaki kusikia habari za mbwa mezani kwangu."

"Mama, mimi kule naenda kazini, siendi kucheza," Rula alisema. "Na Jenerali kila mara husafiri nami."

"Anaogopa," Sponji alisema, akimpa Kifungo kipande cha nyama kwa siri ambayo kila mtu aliiona. "Anajua siku kumi zikiisha atataka kubaki naye."

"Nani aogope? Mimi?"

Ikawa imekwisha. Rula alikuwa mtu wa kuvumilia mengi, lakini si kuambiwa anaogopa. Jioni ile ile alimleta Jenerali pamoja na bakuli zake, brashi yake, na karatasi iliyoandikwa kwa ule mwandiko wake wa ramani: chakula kiasi gani, saa ngapi, maji yabadilishwe mara ngapi. Mstari wa mwisho ulipigiwa mistari miwili chini: *Asubuhi usimtoe nje. Mfungulie tu uani.*

"Kwa nini asitoke?" Sponji aliuliza.

"Anavuta. Atakuangusha."

"Na hili doa la buluu kwenye mkia?"

"Rangi ya vigingi," Rula alisema haraka, akambeba Kifungo kama mtu anayebeba mtungi wa gesi, akaondoka bila kuaga vizuri.

Hapa inafaa niseme jambo ambalo halikusemwa mezani. Miaka sita nyuma Rula alifiwa na mkewe. Marehemu huyo hakuwa tu wifi yake Sponji. Alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza, chanda na pete, na ndiye aliyemchagulia Kifungo na kumpa kama zawadi miezi michache kabla hajaanza kuumwa. Mwezi mmoja baada ya mazishi Rula alimnunua Jenerali. Sponji hakuwahi kuwa na shaka juu ya maana yake: kaka yake alikuwa amejitafutia mlinzi ili watu wasimsogelee. Na kweli, tangu hapo hakumwona akicheka. Alikuja Jumapili, akala, akagombana juu ya mbwa, akaondoka.

Jumatatu Jenerali alishinda karakanani. Kwa mkia wake alipangusa sanduku zima la misumari midogo kutoka mezani, kisha akakaa akimwangalia Sponji anavyoiokota mmoja mmoja, kwa uso wa msimamizi asiyeridhika na kazi. Mteja mmoja aliyekuja kulalamika kwamba kiti chake kimechelewa alifika mlangoni, akatazamana na Jenerali, akasema kwa upole kwamba hakuna haraka yoyote. Sponji alikiri moyoni kwamba hilo Kifungo asingeliweza.

Jumanne, saa kumi na mbili na robo asubuhi, aliamshwa na kitu kizito juu ya blanketi. Ilikuwa kamba ya mbwa. Jenerali alikuwa ameileta mdomoni na kuiweka kifuani pake. Sponji alifuata karatasi, akamfungulia mlango wa uani. Jenerali aliutazama ua. Akamtazama Sponji. Kisha akageuka, akaenda kukaa mbele ya mlango wa barabarani, akainua pua juu na kutoa sauti ndefu iliyotikisa vikombe kabatini.

"Mtoe huyo," Mama alipiga kelele kutoka chumbani, "kabla majirani hawajaita askari mwingine!"

Basi akamtoa, akiwa bado na nguo za kazini za jana, maana ndizo zilizokuwa karibu. Na ni kweli Jenerali alivuta, lakini hakuvuta kama mbwa anayekimbia ovyo. Alivuta kama mtu anayejua anakokwenda na amechelewa.

Kituo cha kwanza kilikuwa mlango wa nyuma wa mwoka mikate. Mwanamume mnene mwenye unga mpaka kwenye nyusi alitoka na ganda la mkate lililoungua, akampa Jenerali, ndipo akamwona aliyeshika kamba.

"Leo Rula yuko wapi? Mzima?"

"Yuko safarini. Mimi ni dada yake."

"Ah! Basi mwambie ule ukuta umesimama vizuri." Na kwa kuwa Sponji alionekana hajui ukuta gani, akamsimulia: yeye na jirani yake walikuwa nusura washikane mashati kwa ajili ya mpaka wa ua, mpaka Rula alipokuja na vifaa vyake siku yake ya mapumziko, akawapimia, akawachorea, akawakalisha wote wawili wakanywa chai. "Na alivyotuchekesha siku ile! Ndugu yako ana vichekesho, we acha tu."

"Kaka yangu?" Sponji aliuliza. "Mrefu hivi?"

Kituo cha pili kilikuwa kibanda cha fundi viatu. Hapa Jenerali alikaa bila kuambiwa kando ya ubao wa drafti uliokwisha kupangwa. Fundi viatu aliusikitikia ubao. Alisema Rula amefungwa asubuhi mia mbili mfululizo na hajakata tamaa. Kila akifungwa hupiga goti lake na kucheka mpaka machozi. Sponji alimsikiliza mdomo wazi. Alihisi kama mtu aliyefungua kabati la nyumbani kwake akakuta ndani yake kuna chumba kizima chenye madirisha.

Kutoka hapo Jenerali hakutembea tena, alikokota. Walikunja kona mbili, wakatokea mbele ya duka dogo lenye mlango wa kijani. Nje kuliegemezwa mbao zilizopakwa rangi ya kwanza, makopo yamepangwa kwenye kivuli, brashi zimesimama ndani ya chupa. Juu ya ngazi alikuwapo mwanamke mfupi aliyevaa ovaroli, amefunga kitambaa kichwani, amewapa mgongo, anachora kwa utulivu mkubwa herufi ya nne ya jina la duka la dawa.

Jenerali alibweka mara moja tu, kwa furaha.

Mwanamke hakugeuka, maana alikuwa katikati ya herufi. "Si ulisema siku kumi, mpenzi?" alisema. "Hata mbili hujamaliza! Umeshindwa kukaa huko bila mimi?"

Brashi ilisimama. Mwanamke aligeuka polepole, akamwona Sponji, na tone nene la rangi ya buluu likadondoka kutoka kwenye brashi, likatua juu ya mkia wa Jenerali, karibu kabisa na lile la zamani.

"Nilikuwa," alisema, "nazungumza na mbwa."

"Naam," Sponji alisema. "Na mbwa alikuaga kwamba anakwenda siku kumi."

Wakatazamana. Aliyeanza kucheka ni Sponji. Kilimtoka tu kicheko, kikamshika mbavu, na yule mwingine akalazimika kushuka ngazi kwa sababu naye alikuwa anatetemeka.

"Wewe ni Sponji," mchora mabango alisema, akijifuta macho kwa mkono na kujipaka buluu shavuni. "Una nyuzi begani, una sponji kwenye nywele, na hayo mashavu ni kama alivyosema. Karibu. Chai ipo."

Walikunywa chai wamekaa juu ya makopo mawili. Mchora mabango alieleza bila kuzunguka. Mwaka mmoja na miezi miwili nyuma Jenerali alijilaza juu ya bango ambalo halijakauka, akaondoka na nusu ya neno ubavuni mwake. Rula aliomba radhi mpaka ikawa aibu. Kesho yake alirudi na penseli na rula ya chuma, akasema atampigia mistari ya bango jipya ili asipoteze muda. Akarudi kesho yake tena.

"Nimewahi kutongozwa kwa maua, nimewahi kutongozwa kwa nyimbo," alisema. "Huyu alinitongoza kwa mistari. Na ilikuwa imenyooka, dada yangu, sijaona."

Sponji alicheka tena, kisha swali lililokuwa limemkaa kooni likatoka. "Kwa nini hakutuambia? Mama amemtafutia mke mpaka amechoka. Angefurahi mpaka aruke."

Mchora mabango alizungusha kikombe mikononi. "Kila wiki huniambia, Jumapili hii namwambia dada. Na kila Jumatatu ananiambia, tuligombana juu ya mbwa, sikupata nafasi." Akamkuna Jenerali shingoni. "Hamwogopi mama yenu. Anakuogopa wewe. Anasema mlimpoteza mtu mmoja, wewe na yeye, na yeye hana haki ya kuwa wa kwanza kupona."

Sponji aliweka kikombe chini. Alishukuru kwa chai, akaaga kwa adabu, akamvuta Jenerali, ambaye hakutaka kuondoka, mpaka nyumbani.

Siku hiyo alipigilia misumari kombo. Alikuwa amekasirika, na mwanzoni alidhani anajua kwa nini: nani alimweka yeye kuwa bawabu wa moyo wa kaka yake? Lakini kadiri alivyopigilia ndivyo alivyoona kwamba hasira ile haikuwa ya Rula. Siku ya mazishi, nyumba imejaa watu, alikuwa amesimama jikoni na kusema kwa sauti, kila mtu akisikia, na Rula amesimama mlangoni: "Hatutapata mwingine kama yeye, na asijaribu mtu kutuletea." Alikuwa ameyasahau maneno hayo. Ni maneno ya mtu aliyeumia. Rula, mtu wa kuandika vipimo na kuvifuata, alikuwa ameyaandika.

Jumatano na Alhamisi Sponji alijaribu kumpeleka Jenerali upande mwingine. Jenerali alikaa katikati ya njia. Alipokokotwa, akalala. Watu walipita wakimzunguka, na mama mmoja alimuuliza Sponji kama mbwa wake ni mgonjwa.

"Si wangu," Sponji alisema, "na si mgonjwa. Anagoma."

Ijumaa mchana simu ikalia. Hadi siku hiyo Rula alikuwa ametuma malalamiko matupu: Kifungo amelala ndani ya kofia yake, Kifungo ametafuna kamba ya hema, Kifungo amekataa kuvuka nyasi na imebidi abebwe mbele ya wafanyakazi. Sasa alikuwa anapiga kelele mpaka Sponji akaiweka simu mbali na sikio.

"Amelipata! Amelipata, Sponji!"

"Nani? Nini?"

"Jiwe! Jiwe la mpaka! Siku nne tunatafuta, watu watano, tuna ramani, tuna mashine, hakuna kitu. Bila jiwe lile shamba lote halipimiki. Leo tumekaa tunakula, yeye anachimba. Namwambia acha, anachimba. Namwambia njoo, hanitazami hata. Ameingia shimoni, umebaki mkia tu. Nimekwenda kumtoa, nimemshika miguu ya nyuma, naona chini yake kuna ncha ya jiwe, lina alama! Mita sita kutoka pale ramani inaposema! Ramani ndiyo iliyokosea, Kifungo yuko sahihi!"

"Si nilikuambia ana maoni yake," Sponji alisema, na kumbe alikuwa anatabasamu peke yake kama mwendawazimu.

"Wafanyakazi wamembeba juu juu. Mpishi amempa ini. Sponji, huyu mbwa ana akili. Ana miguu ya aibu, lakini ana akili." Rula alivuta pumzi. Aliposema tena sauti yake ilikuwa imeshuka. "Laiti angemwona leo. Yeye ndiye aliyemchagua. Unakumbuka, walikuwa sita kwenye kikapu, na sisi sote tukasema chukua yule mkubwa, yeye akasema hapana, huyu anayechimba."

Katika miaka sita hiyo ilikuwa mara ya kwanza Rula kumtaja mkewe. Sponji alikaa chini, juu ya kochi la mteja lisilo na mto.

"Nakumbuka," alisema. "Alivaa lile gauni la njano, Kifungo akalikojolea."

Rula akacheka. Kicheko chenyewe, kile ambacho mwoka mikate na fundi viatu walikuwa wamekipata bure asubuhi zote hizo, sasa kilikuwa sikioni mwake, na Sponji alijikuta anacheka na kulia kwa pamoja, akijifuta kwa kipande cha kitambaa cha kochi.

Jumamosi asubuhi Jenerali hakulazimika kuleta kamba. Alimkuta Sponji amekwisha vaa viatu. Kwa mwoka mikate walisimama, kwa fundi viatu Sponji akacheza drafti na kufungwa, na kwenye mlango wa kijani alibisha kwa nguvu ingawa ulikuwa wazi.

"Karakana yangu haina bango," alimwambia mchora mabango. "Miaka kumi na mmoja, watu wananitafuta kwa kuuliza. Naomba uje unichoree. Kazi ianze Jumatatu, na ukiweza ichukue mpaka Jumatano."

Mchora mabango alimtazama kwa makini. "Jumatano si ndiyo siku anayorudi?"

"Ndiyo."

"Atanikuta juu ya ngazi."

"Hapo ndipo ninapotaka akukute," Sponji alisema. Halafu, kwa kuwa hilo halikutosha, akaongeza: "Nilisema neno baya siku moja, zamani, na mtu mmoja akalishika. Nataka alione limefutwa."

Mama hakuambiwa kitu. Jumatatu alishuka ngazi na trei ya chai kwa ajili ya fundi mgeni, akamkuta Jenerali, askari asiyebembeleza mtu, amelala chali mbele ya ovaroli, miguu minne hewani, anasuguliwa tumbo na kukoroma.

"Shikamoo, Mama," mchora mabango alisema, akisimama.

"Marahaba, mwanangu." Mama aliutazama uso ule, akamtazama mbwa, akautazama mkia wa mbwa wenye madoa mawili ya buluu, kisha akalitazama kopo la rangi. Aliweka trei chini kwa uangalifu. "Sponji," alisema, "leta kiti kizuri. Siyo hicho. Kile cha kitambaa kipya." Na tangu dakika hiyo hakumwachia mtu mwingine kushika ngazi.

Jumatano saa tisa alasiri gari la wapima ardhi lilisimama nje. Rula alishuka akiwa na vumbi mpaka kwenye kope, Kifungo amejaa kifuani ndani ya jaketi, kichwa kimechomoza. Alifungua mdomo atoe habari za safari. Ndipo akaona. Juu kulikuwa na mchora mabango, amebakiza herufi mbili tu. Chini mama yake amekumbatia ngazi. Kati yao Jenerali, anayepiga kelele za furaha lakini haondoki pale alipo, kama asiyejua aende kwa nani kwanza.

"Karibu, kaka," Sponji alisema, ameegemea mlango. "Huyu ni fundi wetu wa mabango. Sidhani kama mnafahamiana."

"Hatu..." Rula alianza.

"Ukisema hatufahamiani," mchora mabango alisema kutoka juu, bila kuinua brashi, "nashuka."

Mama ndiye aliyecheka kwanza, akaitikisa ngazi mpaka herufi ikapata mkia usiokuwamo kwenye mpango. Rula hakucheka. Alikuwa anamwangalia dada yake tu, na uso wake ulikuwa uso wa mtoto aliyevunja kitu.

Sponji alimshika mkono, akamwingiza ndani karakanani, akafunga mlango. Walisimama kati ya makochi yaliyovuliwa nguo.

"Nilitaka kukuambia," Rula alisema. "Kila Jumapili."

"Najua. Halafu ukaanza na mbwa."

"Wewe ndiye uliyekuwa unaanza na mbwa."

"Sawa, mimi." Sponji alivuta pumzi. "Kaka, yale niliyosema jikoni siku ile, nilisema kwa uchungu. Sikuyasema ili uyatunze. Naye mwenyewe angeyasikia angenipiga kofi." Akaonyesha mlango kwa kidole. "Mimi na yule dada wa nje tumekunywa chai kwenye makopo, tumekusengenya wiki nzima. Nampenda. Umesikia? Nimepona, au napona. Tusihesabu nani alikuwa wa kwanza."

Rula, ambaye mgongo wake haukuwahi kupinda mbele ya mtu, aliinama akaweka paji la uso juu ya bega la dada yake. Kifungo, aliyebanwa katikati ndani ya jaketi, alivumilia kidogo, kisha akamlamba kila mmoja kidevu ili wamwachie hewa.

Walipotoka, Mama alikuwa amekwisha kuwaweka watu sawa: viti vinne nje, chai, mchora mabango ameketi katikati kama mgeni rasmi.

"Sasa," Mama alisema. "Ahadi ni ahadi. Siku kumi zimekwisha. Rula, ungebadilisha?"

Rula alimtoa Kifungo na kumweka chini. Kifungo alikwenda moja kwa moja kwa Sponji, akajilaza juu ya viatu vyake na kufunga macho. Jenerali alikuja akaegemeza uzito wake wote kwenye goti la Rula.

"Hapana," Rula alisema. "Mimi ni mtu wa shepadi, nitakufa mtu wa shepadi. Ila..." Akakuna shingo. "Kukiwa na safari ya kutafuta mawe, naomba nimwazime Kifungo. Nitamleta salama. Nimemshonea hata kikapu cha kubebea."

"Umeshona? Wewe?"

"Kwa mishono iliyonyooka."

"Na wewe, Sponji?"

"Sibadilishi hata kwa kikosi kizima," Sponji alisema. "Kifungo alichaguliwa na mtu aliyejua kuchagua. Lakini huyu jamaa," akampapasa Jenerali kati ya masikio, "simwiti tena askari. Ni mshenga."

"Bado mmoja," Mama alisema, akimgeukia mchora mabango kwa tabasamu pana. "Mwanangu, nyumba hii utaijua sasa hivi. Sema bila kuogopa. Wewe uko upande gani, wakubwa au wadogo?"

Mchora mabango aliwaangalia mmoja baada ya mwingine. Alikunywa chai kidogo, akaiweka chini.

"Mimi, Mama," alisema, "ni mtu wa paka. Ninao watatu."

Hata Jenerali alionekana kufikiri. Kisha Rula na Sponji wakageukiana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao ya kugombana wakaanza kuongea kwa sauti moja, wakieleza, wakikatizana, wakinyooshea mbwa wote wawili vidole kama ushahidi: uaminifu, ulinzi, akili, jiwe la mpaka, ganda la mkate! Mchora mabango aliwasikiliza kwa heshima zote, akitikisa kichwa, hakubadili msimamo hata kidogo. Mama alikuwa amejifunika uso kwa kanga na mabega yalikuwa yanaruka.

Rula na mchora mabango walioana miezi mitatu baadaye, ramani ya lile shamba ilipokamilika. Paka watatu walihamia kwa Rula. Mmoja wao, jike jembamba lenye jicho moja, alimchapa Jenerali kofi la pua siku ya kwanza, na kuanzia siku ya pili Jenerali alimfuata kila chumba alichoingia. Rula alimpigia dada yake simu saa kumi na mbili na robo asubuhi kumweleza jambo hilo, kwa urefu, na Sponji, ambaye bado alikuwa kitandani na Kifungo miguuni, alimwacha aongee mpaka alipotosheka.